Nukta za Thuo

Kiminini,
Jumatano, 28 Februari 2001

Kwa Fundi Wekoye,

Salamu nitakupa mwisho wa barua, kwanza nilie. Injini imekataa kuzunguka.

Uliondoka hapa Ijumaa ukasema unaenda Kanduyi kuchukua ile spana ya kupima nguvu, na Jumatatu utakuwa umerudi. Jumatatu ikapita, nyingine ikapita. Spana ikaja peke yake, imefungwa ndani ya gunia, imebebwa na Kabura wetu anayekuja huko kwenu kuuza viazi kila Alhamisi. Nikasema basi, fundi akituma spana bila yeye, ni kusema tujikazie. Si ndivyo? Nikamwita jirani yangu Chelimo, yule anayeendesha trekta za watu huko juu upande wa mlima. Yeye akakaza, mimi nikawa nasoma namba.

Zile kofia nne za chuma ulizokuwa umeziweka juu ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ukazifunga kwa vidole tu, tulizikaza mpaka namba uliyoniandikia ukutani kwa chaki. Kabla ya kukaza, krenki ilikuwa inazunguka kwa mkono mmoja. Baada ya kukaza, wapi! Nilishika flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma, nikasukuma mpaka mgongo ukalia. Chelimo akasukuma. Tukaleta mtarimbo. Krenki imekaa kama imechomelewa.

Jana shemeji yangu Gathii, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, akapitia hapa. Akakuta injini imelala chali juu ya magogo, pistoni ziko kwenye karai, nimezifunika na leso. Unajua kikao cha familia kilivyoamua baada ya mazishi: mvua ya kupanda ikianza kabla trekta ya Thuo haijaingia shambani, inaenda kwa watu wa chuma chakavu. Mimi mwenyewe nilikubali mbele yao wote, kwa sababu nilijua nina wewe. Trekta ikienda, itabidi nikodishe shamba, na mimi nibaki kuangalia wengine wakilima nikiwa jikoni. Sitaki, fundi. Nakuambia wazi.

Na Gathii akarudia lile neno. Ati injini hii iliharibiwa na Thuo mwenyewe mwaka wa tisini na nne, alipoifungua peke yake kwa kiburi, akagonga nukta zake kwenye kofia na msumari wa nyumba. Wewe ulizifurahia hizo nukta, ukasema marehemu alikuwa mtu wa akili. Sasa nauliza, na unijibu kweli: mume wangu alikosea?

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi,
Rosaline Wangu, Mama Nyambu


Kanduyi,
Alhamisi, 1 Machi 2001

Mpendwa Mama Nyambu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kabura amesimama hapa mlangoni na magunia yake matupu, ati niandike haraka gari lisimwache, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Mayi, mama yangu, pole sana. Kazi zimenishika huku, siwezi kuja wiki hii. Hata ijayo sijui. Lakini usimwache Chelimo alete mtarimbo tena! Krenki haibembelezwi na mtarimbo. Ikikataa, inakuambia kitu.

Anza na kilicho rahisi. Fungueni kofia zote, moja baada ya nyingine. Beringi ziko kama makombe mawili mawili, nusu chini na nusu juu. Zitoe, zipanguse na kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Chembe moja tu ya mchanga ikiingia chini ya beringi, inatosha kubana. Pakeni oili, rudisheni, mkaze polepole.

Kuhusu marehemu. Umeniomba kweli, na mimi sikuzoea kudanganya mama wa watu. Kofia na bloku, ule mwili wa injini, hutobolewa pamoja kiwandani, kwa hiyo kila kofia ina makao yake, haikubali kwa jirani. Zile mbili za pembeni zina umbo lao, hata mtoto hawezi kuzichanganya. Zile mbili za katikati ni kama mapacha. Namba za kiwanda zilishafutika, zikabaki nukta za Thuo: moja ina nukta moja, nyingine nukta mbili. Mimi nilizifuata kama alivyoandika. Yenye moja nikaitanguliza, yenye mbili ikafuata. Kama alizigonga vibaya tangu mwanzo, basi tumefuata kosa lake. Sijasema alikosea. Nasema sijui.

Wele, Mungu wetu, awe nanyi.

Wako,
Wekoye


Kiminini,
Jumatano, 7 Machi 2001

Fundi,

Tumepangusa. Tumepaka oili mpaka nguo zangu zote zinanuka gereji. Tumekaza polepole kama watu wanaofunga mtoto nepi. Imekwama vilevile.

Sasa wacha nikuambie yaliyo moyoni, maana nikiyameza nitaugua. Kazi zimekushika, zipi hizo? Mtu anayefungua injini ya mjane akaiacha chali, akaenda kushikwa na kazi nyingine, huyo kwetu tuna jina lake, na silo jina zuri. Na hiyo barua uliyoniandikia, nimeisoma na Chelimo, tukaigeuza juu na chini. Mwandiko kama kuku amepita penye majivu! Mwezi uliopita uliniandikia orodha ya vifaa kwa herufi nzuri kama za mwalimu. Kama hutaki kazi yangu, sema. Usiniandikie kwa kudharau.

Halafu lile neno lako la mwisho. Nilikuwa nimesimama uani, nikalisoma, nikaingia ndani nikakaa kitandani. Thuo alikuwa na makosa yake, nani hana? Alikuwa anakoroma, alikuwa anabishana na redio. Lakini kwa mashine alikuwa na mkono. Trekta hii ilitulimia mpaka mwaka jana baada ya yeye kuifungua. Iliyoharibika inalima miaka hiyo yote? Nilitaka kumwambia Gathii hivyo, nikakosa ujasiri, kwa sababu na wewe fundi umesema hujui.

Mawingu yameanza kukaa juu ya Elgon mchana. Wazee wanasema mwaka huu haitachelewa.

Rosaline Wangu


Kanduyi,
Alhamisi, 8 Machi 2001

Mama Nyambu,

Umenichapa, na nimekubali. Mwandiko sikuandika kwa dharau. Siku moja utajua.

Sasa sikiliza. Kama si uchafu, basi kuna kofia moja au mbili zinazobana, na hizo zingine hazina shida. Ni lazima tujue ni zipi. Legeza zote nne mpaka krenki izunguke tena. Halafu kaza moja peke yake, uzungushe flaiwili. Ikizunguka, hiyo ni nzima. Ilegeze, kaza inayofuata, uzungushe. Fanya hivyo mpaka zote ziishe, na uniandikie kila moja ilivyofanya. Usimwachie Chelimo flaiwili. Yeye ana nguvu sana, hatasikia. Shika wewe. Mkono wa mtu anayepika chapati unajua unga ukikataa.

Kuhusu redio, hata mimi hubishana nayo. Hiyo si dhambi.

Wekoye


Kiminini,
Jumatano, 14 Machi 2001

Ndugu yangu Wekoye,

Mficha uchi hazai! Kwa nini hukuniambia?

Kabura amenieleza yote. Nilikuwa nakusema vibaya hapa uani, ati fundi wa Kanduyi ametutupa, akashindwa kuvumilia, akaweka kikapu chini. Ameniambia gia boksi ya lori iliteleza kwenye jeki ikaangukia mkono wako wa kulia, wikendi ile ile uliyotoka hapa. Ati vidole viwili havikunji. Ati mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, na hizo barua umeniandikia na mkono wa kushoto. Ngai wangu! Na mimi nikakuita kuku kwenye majivu. Ulimwapisha Kabura asiseme, ati watu wakijua fundi ameumia mkono hawatamletea kazi tena. Mimi ni watu? Niliona haya mpaka nikashindwa kunywa chai.

Pole sana. Nimekutumia maziwa ya kibuyu, Chelimo ameyatoa kwa mama yake. Na viazi kwa Kabura uvichague mwenyewe, nimeshamwambia. Umezoea kutupa wengine moyo, sasa na wewe pokea.

Kuhusu injini, usijisumbue kama unaumwa. Lakini kwa sababu uliuliza, nimefanya mwenyewe kama ulivyosema, na nikasikia. Ya kwanza, ile ya upande wa kiti, inazunguka vizuri, laini kabisa. Ya pili inabana mpaka inakwama. Ya tatu inabana, ila si sana kama ya pili. Ya nne, ile ya mbele penye rejeta, haina neno. Kwa hiyo ni mapacha wako wa katikati, wote wawili.

Usishangae nahesabu nikianzia nyuma. Ndivyo tunavyohesabu hapa. Thuo alihesabu kila kitu kwenye trekta kutoka kwenye kiti: silinda, nozeli, hata mistari ya mahindi alianza na ile iliyo karibu na yeye. Alikuwa anasema dereva ndiye anayejua trekta inaanzia wapi.

Gathii ameshaongea na watu wa chuma. Nimemsikia. Lakini wewe pona kwanza.

Ni mimi dada yako,
Wangu


Kanduyi,
Alhamisi, 15 Machi 2001

Dada yangu Mama Nyambu,

Nimemwambia Kabura akae chini, aache gari liende, kuna lingine. Hii barua siiandiki haraka.

Nilisoma yako mara ya kwanza nikafika mwisho. Nikasoma tena. Nikapiga kelele hapa nyumbani mpaka mke wangu akatoka nje na mwiko, akidhani nimeangukiwa tena.

Mama, Thuo hakukosea!

Mimi ndiye niliyekosea. Nilisimama mbele, penye rejeta, kama tunavyofundishwa sisi mafundi wote. Huko ndiko moja kwetu. Nikachukua kofia yenye nukta moja nikaiweka karibu na rejeta, yenye nukta mbili nikaiweka nyuma yake. Lakini Thuo hakusimama penye rejeta. Alikaa kwenye kiti chake. Nukta moja yake ni ile iliyo karibu na kiti, nukta mbili ni ile ya mbele yake. Kila kofia nimeipeleka kwa jirani. Ndiyo maana hao wawili wanalia na wale wa pembeni wamenyamaza. Marehemu aliandika vizuri kabisa, na mimi nikamsoma kinyume.

Niliona nukta zile nikafurahi, lakini sikuuliza aliyezigonga alikuwa amekaa wapi. Ningekuuliza tu wewe mke wake, ningejibiwa siku ile ile. Nisamehe, na yeye anisamehe huko aliko.

Sasa fanya hivi. Fungua hizo mbili za katikati. Zibadilishe nafasi: nukta moja upande wa kiti, nukta mbili upande wa rejeta. Angalia ule mkato mdogo wa kushikia beringi ukae upande mmoja na mwenzake wa kwenye bloku. Oili. Kaza nusu kwanza, zungusha. Kaza tena, zungusha. Ikizunguka, usiguse kitu kingine, niandikie.

Kuhusu mkono, ni kweli. Kidole cha kati na cha pete. Daktari anasema labda. Niliogopa, mama. Fundi asiye na mkono ni nani? Lakini maziwa yameisha leo leo, na sasa naona nimekuwa mjinga kujificha.

Ndugu yako,
Wekoye


Kiminini,
Jumamosi, 17 Machi 2001

Wekoye,

Sikuweza kungoja Alhamisi, barua hii nimeipa mtu wa lori la mahindi anayepita hapo Kanduyi.

INAZUNGUKA! Kwa kidole, fundi! Kidole kimoja, hiki changu cha shahada! Nimekaza mpaka namba ya chaki, nikasukuma, ikaenda taratibu kama mlango uliopakwa mafuta. Chelimo akatupa kofia yake juu ya paa, mpaka sasa iko huko. Mimi nilikaa chini penye vumbi la mbao nikalia, si kwa huzuni.

Sasa njoo. Usiniambie habari ya mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa, hiyo tunajua, lakini hapa tuna vidole vya kukopesha. Kuna vyangu kumi na vya Chelimo kumi. Nimekuwekea stuli penye kivuli cha ghala. Wewe kaa, useme, sisi tufanye. Pistoni zimelala kwenye karai zimechoka. Kitanda kipo, chakula kipo, na Kabura ameshaapa atakusindikiza ili usitoroke.

Mvua imenyesha Kapsara jana. Bado haijatufikia.

Wangu


Kiminini,
Jumanne, 10 Aprili 2001

Kwa Bw. Wekoye, fundi,

Mimi ni Gathii, shemeji ya Mama Nyambu. Tulionana hapa ulipokuwa umekaa kwenye stuli ukiwapigia watu kelele kuhusu mabomba ya dizeli. Mimi si mtu wa barua, kwa hiyo nitasema nimalize.

Niliwaita watu wa chuma waje Jumatatu ya wiki iliyopita. Walikuja. Mvua ilikuwa imenyesha Jumapili usiku, ile ya kwanza. Nikawaleta hapa, tukakuta magogo hayana kitu. Tukasikia mlio shambani. Trekta ilikuwa chini kule mtoni na shemeji yangu juu yake, buti za marehemu miguuni, plau imeshika, nyuma yake udongo umegeuka mweusi karibu ekari mbili. Alikuwa ameingia Jumamosi, kabla ya mvua. Mimi ndiye sikuwa na habari. Niliwapa wale watu chai. Nikawapa na pipa langu lililotoboka, wasiende mikono mitupu.

Ile siku ulisema mbele yangu kwamba Thuo hakukosea. Nilinyamaza. Sasa nimesema. Maneno niliyosema kikaoni juu ya ndugu yangu, nimeyaondoa kikaoni, mbele ya wale wale walioyasikia, Jumatatu hiyo hiyo jioni. Nimewaambia ni mimi sikujua amekaa wapi alipokuwa anahesabu. Walicheka. Mama Nyambu hakucheka.

Asante. Nina pampu ya maji imenishinda. Ukija, nitaweka stuli yangu pia.

Gathii


Kiminini,
Jumatano, 11 Aprili 2001

Ndugu yangu Wekoye,

Leo salamu zinatangulia, kwa sababu leo sina kilio. Mkono unaendeleaje? Kabura anasema sasa unashika kikombe. Shika kikombe kwanza, spana itakuja.

Gathii ameniambia amekuandikia. Sikuamini mpaka nilipokumbuka aliazima kalamu ya mwanangu Nyambu, aliyefunga shule. Basi huna haja nikuhadithie ya wale watu wa chuma, ingawa nilivyowaona kutoka juu ya trekta, wamesimama kwenye ukingo wa shamba na vikombe vya chai, ningependa ungekuwepo.

Nimelima langu, nimelima la Chelimo, na jana nikalima la Gathii. Alitembea kando ya trekta mpaka mwisho wa shamba kama mtu anayesindikiza mgeni wa heshima. Anaogopa sana kuniambia nipunguze mwendo.

Nataka kukushukuru vizuri, na barua haitoshi, lakini nitajaribu. Si kwa ajili ya trekta peke yake. Tangu mwaka wa tisini na nne nilisikia mume wangu akiitwa mharibifu. Neno hilo alilisikia na yeye mpaka akaenda kaburini, na hakuwahi kujitetea, alikuwa anasema tu, "Wacha ilime." Wewe ungeweza kutengeneza injini ukaondoka, ukaacha kosa lilale kwa marehemu. Marehemu angekukatalia na mdomo gani? Badala yake ukasimama na mkono umefungwa kitambaa, ukamwambia Gathii usoni: "Ndugu yako aliandika vizuri. Mimi nilisimama upande mbaya." Ni mafundi wangapi wanasema hivyo? Mungu akuzidishie, wewe na mama wa nyumbani na watoto wenu wote.

Ile siku ya kufunga sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, ulipokuwa umeenda kulala kidogo, kuna kitu nilifanya sikukuambia. Nilichukua msumari na nyundo. Nukta zake sikuzigusa. Lakini kwenye bloku, upande wa kiti, niligonga mshale mdogo, ili atakayefungua siku moja na mimi sipo asihangaike kuuliza tulikuwa tumekaa wapi.

Jana nilipomaliza la Gathii sikushuka mara moja. Niliacha injini ikinguruma pole pole, nikaegemea usukani, nikazisikiliza silinda tatu kama alivyonifundisha Thuo, nikianza na ile iliyo karibu na mimi. Moja. Mbili. Tatu. Zote zikaitika.

Dada yako,
Rosaline Wangu